Gemu Nne na Kipimo cha Bao

Wengi wenu mnanijua kama yule jamaa wa uhandisi ambaye haonekani kwenye mikutano mpaka asikie harufu ya pilau. Leo nina jambo ambalo baadhi yenu mtaliona la kitoto: gemu. Ndiyo, mtu mzima wa miaka thelathini, anasoma uzamili, halafu anacheza gemu. Kabla hamjanicheka nauliza: mbona babu akikaa chini ya mwembe na bao lake tunamwita mwenye hekima?

Bao ndilo kipimo changu. Ni mashimo 32 na kete 64, basi. Hakuna dadu wala bahati nasibu, na bado mtu atacheza miaka arobaini akaja kufungwa na kijana wa juzi. Kwa hiyo gemu yoyote naiuliza maswali mawili: je, vitu vyake vichache vinazaa fikra nyingi? Na je, kila hatua ina gharama? Miezi hii, nikitoka maabara, nimecheza gemu nne za aina tofauti. Maoni yangu ni haya.

Ya kwanza ni Semblance, ya kurukaruka majukwaa. Ilitoka mwaka 2018 na imetengenezwa hapa hapa Johannesburg na Nyamakop, studio ya vijana waliosoma Wits. (Nyama ni nyama, kwetu na kwa Wazulu vilevile.) Katika gemu nyingi za namna hii ardhi haibadiliki, wewe ndiye unayejipinda. Hapa ardhi ni kama unga uliokandwa: unaisukuma inavimba, unaigonga inabonyea, unajitengenezea njia. Wazo moja tu, limezungushwa pande zote. Kwa kipimo cha bao inafaulu vizuri sana, ingawa ni fupi, unaimaliza ndio kwanza utamu umekolea.

Ya pili ni Broforce ya Free Lives wa Cape Town, ya mwaka 2015. Hii ni ya risasi. Wale mashujaa wa sinema za Kimarekani tuliowatazama kwenye vibanda vya video mtaani wamekusanywa wote, wanalipua kila kitu mpaka mlima unabomoka. Ni dhihaka, na inachekesha. Lakini saa ya pili nilichoka. Ukifa unarudi, ukibomoa hulipi. Ni bao ambalo kete haziishi. Mchezeni wawili au watatu siku ya Ijumaa, kisha mlale.

Ya tatu ni mpira, na hapa najua naingia vitani. Gemu za mpira za kila mwaka nazipa sifa moja kubwa: ndizo pekee zinazojaza chumba. Mghana, Mkongo, Mzimbabwe na mimi hatuna lugha moja ya nyumbani, lakini matusi ya penalti tunaelewana. Hata hivyo nauliza, mbona kila mara tunacheza na timu za Ulaya? Gemu rasmi ya Kombe la Dunia la 2010, lile lililochezwa hapa Afrika Kusini, ilikuwa na timu za taifa 199. Yaani ilikuwa inawezekana! Tena kuna suala la umbali. Mwanga ndani ya nyuzi za faiba husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Dar es Salaam hadi Frankfurt ni karibu kilomita 7,000, kwenda na kurudi 14,000. Hata waya ungenyooka kama rula, milisekunde 70 zimekwenda, na nyaya za baharini hazinyooki. Mdogo wangu akiunganishwa na seva ya huko, anafungwa bao kabla hajaona shuti. Hilo halitibiki kwa mazoezi, linatibika kwa kuwa na seva karibu.

Ya nne ndiyo iliyoninyima usingizi: Terra Nil, ya Free Lives vilevile, ya mwaka 2023. Ni kama gemu za kujenga mji, ila kinyume chake. Unapewa ardhi iliyokufa, unasimika mitambo ya upepo, unasafisha udongo, unarudisha mito, nyasi na wanyama. Mwisho unabomoa mitambo yako yote, unapanda chombo chako na kuondoka. Kiufundi ni nzuri kuliko zote nne, kila jengo lina gharama yake. Na picha zake zinatuliza moyo.

Lakini jamani, watu wako wapi? Ardhi ikipona haina hata boma moja wala mchungaji. Sisi wa Tanzania hadithi hiyo tunaijua. Mwaka 1959 Wamasai waliondolewa Serengeti ili pori liwe pori, na Juni 2022 kule Loliondo watu walipambana na polisi juu ya kilomita za mraba 1,500 zilizowekewa mipaka kwa ajili ya hifadhi. Sisemi waliotengeneza Terra Nil walikuwa na nia hiyo, wala sipingi hifadhi. Nasema gemu inafundisha kwa kile inachokuruhusu kufanya, na hii haikuruhusu kumweka mtu na ng'ombe wake pamoja na nyati. Mtoto akiicheza mara mia ataamini kwamba mazingira mazuri ni yale yasiyo na sisi.

Ndiyo maana siwaelewi wanaosema gemu ni mchezo tu. Anayeandika sheria za mchezo ndiye anayeamua nini kinawezekana. Mwaka 2025 Nyamakop walitangaza Relooted, gemu ya kurudisha Afrika mali zetu zilizoko kwenye makumbusho ya nje. Hapo unaona sheria ikiandikwa na mtu mwingine.

Basi naomba mambo mawili. Kwanza, gemu za Kiafrika tusizipigie makofi ya huruma. Tuzinunue, tuzicheze, tuzikosoe kwa ukali uleule. Pili, chama chetu kitenge jioni moja kwa mwezi, gemu upande mmoja na bao upande wa pili. Kete nitaleta mimi. Anayebisha kuhusu Broforce aje na hoja zake, pilau iwepo.