Mtaalamu wa mionzi aitwe kabla ya kisu

Mwanamke anayeambiwa kwamba titi lake litaondolewa kwa sababu ya saratani huwa na swali analoona haya kuliuliza: je, linaweza kujengwa jingine? Akithubutu kuuliza, mara nyingi huambiwa ashukuru Mungu kwanza kwa kuwa hai. Ni maneno ya huruma, lakini swali lake linabaki palepale, na jibu lake linategemea mionzi.

Mulago, kilima cha Kampala ambako Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianza mwaka 1967, hupokea wanawake wengi ugonjwa ukiwa umeshasambaa hadi kwapani. Kwa hao upasuaji peke yake hautoshi. Hufuata tiba ya mionzi, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki tatu hadi tano, ili kuua chembe za saratani zilizobaki kifuani. Mionzi hiyo huokoa maisha. Hata hivyo, inakopita huacha alama: mishipa midogo ya damu hupungua, ngozi hukakamaa, na kidonda huchelewa kufunga, hata miaka kadhaa baadaye.

Hapo ndipo shida ya kujenga titi inapoanza. Mfuko wa silikoni ukiwekwa kifuani, mwili huuzungushia utando wa kovu. Hilo ni jambo la kawaida. Mionzi ikiupata, utando huo huweza kuwa mnene na kubana mpaka titi likawa gumu, likapanda juu na kuuma. Wengine hupata usaha, wengine ngozi huchanika na mfuko ukalazimika kutolewa. Baya zaidi, kidonda kilichooza baada ya upasuaji huo kinaweza kuchelewesha mionzi yenyewe, na saratani haimsubiri mtu apone.

Njia nyingine ni kuchukua ngozi, mafuta na pengine msuli kutoka mgongoni au tumboni, pamoja na mishipa yake ya damu, na kuvihamishia kifuani. Nyama hiyo haijapigwa mionzi, kwa hiyo hustahimili vizuri zaidi. Kwa anayejulikana mapema kuwa atahitaji mionzi, madaktari wengi hupendelea imalizike kwanza, ipite miezi sita hadi mwaka, ndipo titi lijengwe hivyo. Anayevuta sigara au mwenye kisukari kisichodhibitiwa ana hatari zaidi.

Kwa hiyo uamuzi unapaswa kufanywa kabla ya kisu, daktari wa upasuaji na wa mionzi wakiwa meza moja na mgonjwa akiwapo. Wapo watakaosema hayo ni anasa katika kanda ambayo mashine zenyewe ni haba. Lakini kupanga hakuna gharama kubwa. Kinachogharimu ni kumrudisha mgonjwa chumba cha upasuaji kwa sababu ya mfuko ambao haukupaswa kuwekwa.

Suala hili ni la Afrika Mashariki nzima. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya Uganda, ya kobalti, iliharibika kabisa pale Mulago, na mpya ilizinduliwa Januari 2018. Katika kipindi hicho serikali ilitangaza kuwa wagonjwa 400 wangetibiwa bure katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi. Mtu alikatwa titi Kampala, akapigwa mionzi Nairobi. Leo wagonjwa kutoka Sudan Kusini, Rwanda na mashariki ya Kongo huja Mulago, kisha hurudi kwao na makovu yao.

Jumuiya imeshagawana kazi kwa msaada wa Benki ya Maendeleo ya Afrika: Uganda saratani, Kenya figo, Tanzania moyo. Mgawanyo mzuri, ila majengo na mafunzo havitoshi ikiwa daktari wa Juba au Goma hajui mgonjwa wake alipewa mionzi kiasi gani, sehemu ipi ya kifua, na lini ilimalizika. Bila habari hizo, atakayeombwa kujenga titi anakata gizani. Mawaziri wa afya wa Jumuiya wanaweza kuanza na fomu moja ya mionzi, inayofanana katika kila hospitali, ambayo mgonjwa anavuka nayo mpaka wa Busia au Mutukula ikiwa ndani ya mkoba wake.