Mpangaji mmoja aweza kuzima nyumba nzima

MKULIMA wa Bujonde, wilayani Kyela, akitaka kulipa ada ya Serikali hupewa namba ya malipo, akalipa kwa simu, kisha akarejea kwenye mpunga wake. Seva inayopokea malipo hayo iko mbali naye. Ikikwama, namba hiyo haimsaidii, hata kama fedha anazo.

Huduma nyingi za mtandao duniani sasa hazina seva ya peke yake. Programu maalumu huigawa seva moja kubwa iwe kompyuta pepe nyingi, mfano wa nyumba ya kupanga: kila mpangaji ana chumba chake, lakini umeme na maji ni vya wote. Gharama hupungua, ila hatari huwa ya pamoja.

Hatari hiyo ilidhihirika Novemba 10, 2015, pale watengenezaji wa programu ya Xen na kampuni ya Microsoft ya Marekani walipotoa marekebisho. Ilibainika kuwa mpangaji mwenye nia mbaya, akiwa ndani ya kompyuta pepe yake tu, angeweza kuitia prosesa ya seva katika hitilafu inayozaa hitilafu nyingine bila kikomo. Seva isingepata nafasi ya kumzuia, na wapangaji wenzake wangekosa huduma.

Kwa kuwa kasoro ya aina hiyo haiibi siri, ni rahisi kuidharau. Yaliyotokea Kenya yanaonya kinyume chake. Julai 2023, mfumo wa eCitizen, wenye huduma zaidi ya 5,000 za Serikali, ulishambuliwa kutoka nje kwa mafuriko ya maombi bandia. Serikali ilisema hakuna taarifa zilizopotea. Hata hivyo, wageni walioshindwa kupata viza mtandaoni ilibidi wapewe walipowasili. Njia ilikuwa tofauti, lakini adha kwa mwananchi ni ile ile.

Dawa ya kasoro ya 2015 ilitolewa mara ilipotangazwa. Ugumu ni kuitumia: mara nyingi seva hulazimika kuzimwa na kuwashwa upya, na asiye na seva ya akiba huona heri asubiri.

Hapo ndipo taasisi zinapopaswa kupimwa. Kila zinapohamishia huduma mtandaoni, zieleze pia mwananchi atahudumiwaje siku mfumo utakapokwama. Kwa mkulima wa Bujonde, safari ya bure kwenda Kyela mjini ni gharama asiyorudishiwa na yeyote.