Kiti Chetu Katika Kamati ya Dispensari



Manung'uniko juu ya dispensari twayasikia kila siku: foleni ndefu, dawa zimekwisha, karani mkali. Husemwa dukani, husemwa kwenye kituo cha kupimia chai, kisha huishia hapo hapo. Lakini pahali pa kuyasema papo. Dispensari ya serikali huwa na kamati, na ndani yake mna viti vya wananchi. Viti hivyo ni vyetu.

Hii si fadhili ya mtu. Mwaka 1978 mataifa yaliyokutana Alma-Ata yalikubali kuwa ni haki na wajibu wa watu kushiriki katika kupanga matibabu yao. Oktoba 2023 Kenya ilipata sheria ya afya ya msingi, na nyingine isemayo kwamba fedha zinazopatikana katika hospitali na dispensari za serikali zibaki pale pale, zitengeneze kazi. Basi zikibaki, lazima awepo wa kuuliza zimetumikaje.

Sisi wa reli twajua: msumari ukilegea, wa kwanza kuuona ni yule atembeaye njiani na nyundo, si bwana mkubwa ofisini. Vivyo hivyo mgonjwa ndiye ajuaye dispensari imelegea wapi. Mchuma chai hulipwa kwa kilo. Akikaa foleni tangu asubuhi hata alasiri kwa ajili ya vidonge vya presha, siku hiyo hana ujira. Je, nani atasema kwamba wenye presha na sukari wapewe siku yao na saa yao? Muuguzi hawezi kulijua asipoambiwa.

Tena Mulot yetu iko mpakani, Bomet huku na Narok kule. Homa haiulizi kaunti. Kamati za pande zote mbili na ziwasikilize wagonjwa wa pande zote mbili.

Kwa hiyo fanyeni mambo matatu. Ulizeni majina ya wanakamati wenu. Ombeni orodha ya dawa zilizofika na hesabu ya fedha zibandikwe ukutani. Na siku ya kuchagua, chagueni watu wanaotibiwa pale, akina mama wenye watoto wakiwa mbele, si tajiri anayetibiwa Nairobi.

Wauguzi si adui zetu. Nao ni wafanyakazi, wachache mbele ya umati. Twende kwao kwa adabu, lakini twende. Chama hiki hakikujengwa kwa kunung'unika.