Darasa moja, ndoo 4 za rangi: ukuta gani unakunywa hivyo?

Wazazi wenzangu, wasikilizaji wetu, na ninyi familia zilizokimbia vita munaoishi kwa wenyeji,

Juma hili, katika shule moja ya msingi ya serikali ya hapa kwetu, watoto walirudishwa nyumbani kwa sababu ya rangi. Kila mtoto alete franga 5.000 ili darasa lipakwe. Wa kwanza kukosa ni wale waliokwisha kupoteza shamba na nyumba. Faktire inasema: ndoo 4 za lita 20.

Niliomba kuingia, nikapima. Darasa lina urefu wa metre 8, upana 6, kimo 3. Ukizunguka kuta zote nne ni metre 28. Mara 3 ya kimo, ni metre za mraba 84. Toa mlango na madirisha, karibu 8. Zinabaki 76.

Lita moja ya rangi ya maji, kwenye ukuta laini, inafunika karibu metre za mraba 10. Kuta zetu zina mikwaruzo na zinakunywa, basi tuhesabu 8. Kupaka mara moja ni lita 9 na nusu. Mara mbili ni lita 19. Ndoo moja!

Mukubwa mmoja akanijibu: “Ukuta ni wa zamani, utapakwa mara tatu.” Sawa. Mara tatu ni lita 28 na nusu. Hata ndoo 2 haziishi. Hizo zingine mbili zinapaka nyumba ya nani?

Tena, Katiba yetu, kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ya bure. Tangu 2019 tunaimbiwa wimbo huo wa bure. Mtoto hafukuzwi kwa sababu ya ndoo ya rangi, hata kama hesabu ingekuwa ya kweli.

Wazazi, hesabu hii haiombi diploma. Inaomba kamba ya kupimia na kalamu. Mupime kabla ya mchango wowote. Komite ya wazazi ibandike vipimo na faktire mlangoni, kila mtu asome.

Na watoto warudi darasani kesho asubuhi. Ukuta unaweza kungoja. Mtoto aliyekwisha kupoteza mwaka mzima njiani hawezi.