Sema Kwanza Ulichokibadilisha

Simu na kompyuta nyingi zinazotumika pwani ya Tungue, kaskazini mwa Msumbiji, zimeachwa na waliozitengeneza. WhatsApp iliacha kuzihudumia simu za Android zilizo chini ya toleo la 5.0 tarehe 24 Oktoba 2023. Windows 7 ilikatiwa huduma 14 Januari 2020, na Windows 10 ikafuata 14 Oktoba 2025. Tarehe hizo hupangwa mbali, na watu wanaodhani kila mtu ana uwezo wa kununua nyingine. Aliyeukimbia mji wa Palma akiwa na simu ya mfukoni tu, uliposhambuliwa na waasi Machi 2021, hana habari na ratiba zao. Anatumia alichonacho.

Akikwama, basi, huenda kwa watu: kijana wa kibanda cha simu, binamu aliyeko Mtwara, mafundi wa Dar es Salaam ambao hajawahi kuonana nao. Toleo hili linahusu adabu ya kuwaendea. Hoja yangu ni moja: kama kifaa chako kimetoka nje ya njia ya watengenezaji, liseme hilo mwanzo kabisa, kabla hujaeleza ugonjwa wenyewe.

Chukua GBWhatsApp, inayopendwa sana na vijana wetu. Si kazi ya WhatsApp. Ni programu iliyochezewa na watu wengine, na mwenye WhatsApp anaweza kukufungia namba kwa kuitumia. Mtu huandika, "Fundi, shikamoo, WhatsApp yangu imegoma." Fundi anamwelekeza kwa moyo safi: futa, pakua upya, hakiki namba. Baada ya nusu saa ndipo inapojulikana kwamba ni GB. Maelekezo yote hayakuhusu, na bando lililokwisha ni la fundi. Kilichomfunga mdomo muulizaji ni aibu, na hofu ya kusemwa. Naielewa, lakini haina msingi. Fundi huyo anashinda akifleshi simu na kupiga Windows za kreki; hakuna utakalomwambia likamshangaza.

Kwetu kuna tatizo jingine ambalo miongozo ya ughaibuni haiwezi kuliona. Ureno iliitwaa ghuba ya Tungue mwaka 1887 kutoka mikononi mwa Sultani Barghash wa Zanzibar, na ndiyo maana leo simu ya mtu wa Palma huandika makosa yake kwa Kireno, huku mwenyewe akizungumza Kimwani au Kimakwe nyumbani na kumwomba msaada kwa Kiswahili fundi aliyezoea menyu za Kiingereza. Muulizaji hujitahidi kutafsiri, na hapo ndipo jambo linapoharibika. Usitafsiri. Piga picha ya kioo, itume kama ilivyo, kisha eleza kwa Kiswahili ulichokibonyeza kabla ya hapo. Simon Tatham, Mwingereza aliyetunga programu ya PuTTY, aliandika mwaka 1999 mwongozo wa kuripoti makosa, na alilosisitiza ni kwamba msaidizi aelezwe kilichoonekana hasa, wala si kile muulizaji anachodhani kimetokea.

Kuhusu kusubiri, pwani hii haihitaji kufundishwa. Hodi hupigwa mara tatu. Usipoitikiwa, unarudi zako bila kinyongo. Anayetuma swali lilelile kwa mafundi watano kwa wakati mmoja, kisha akawaacha wanne wakihangaika na jambo lililokwisha kutatuliwa, amewavunjia heshima wote watano. Ukipata jibu, rudi ulikouliza ulitaje, pamoja na toleo la simu. Kuna mwenzako Quitunda au Mocímboa da Praia mwenye simu kama yako.

Msaidizi naye asijione mtakatifu. "Nunua mpya" si jibu kwa mtu asiyekuwa na cha kununulia, naye akilisema mara moja kwa ajili ya usalama wa fedha za M-Pesa au e-Mola zilizomo, inatosha. Kama yeye hakifahamu kifaa, aseme hivyo, kuliko kumpa mtu hatua za kubahatisha kwenye simu yenye picha zake zote za kabla ya kuukimbia mji. Na fundi akikataa kugusa programu ya kreki, ana haki hiyo, mradi aseme mapema. Juu ya hili la mwisho waandishi wa kurasa zinazofuata wamegawanyika vibaya, nami sikuwapatanisha.