Wenye Vitz na IST, Tuungane Tuache Kuchoma Mafuta Bure

Ndugu zangu wenye Vitz, IST, Passo, Starlet na vigari vingine vidogo vilivyotufikia kutoka Japani vikiwa vimeshatumika miaka kumi au zaidi, wito huu ni wetu sisi. Kila bei ya mafuta inapopanda tunalalamika, na tuna haki ya kulalamika. Mwaka 2022 lita ya petroli Dar es Salaam ilivuka shilingi 3,000, na wengi wetu tulikuwa tukihesabu noti kwanza kabla ya kumwambia kijana wa sheli, "Weka ya elfu kumi." Bei hatuipangi sisi. Lakini kiasi ambacho gari linakunywa kiko mikononi mwetu, na hapo ndipo tulipojiachia.

Vijiweni wanasema gari la zamani lazima linywe. Si kweli. Injini ya cc 1,000 au 1,300 inayopewa mafuta kwa mfumo wa kompyuta, hata ikiwa na miaka ishirini, ikitunzwa bado ni injini ya matumizi madogo. Magari yetu mengi hayanywi kwa sababu ya uzee. Yanakunywa kwa sababu yametolewa vitu vyake, yameungwaungwa nyaya na kutiwa maji na oili visivyo vyake, na sisi wenyewe ndio tuliolipia kazi hiyo na kushukuru. Mmoja wetu akikataa, fundi atamwona mjuaji. Tukikataa wengi, gereji zitabadilika.

Tuanze na themostati, maana hiyo ndiyo kesi ya kila gereji. Ni kidude cha chuma kinachoenea kiganjani, kinakaa kwenye njia ya maji kati ya injini na rejeta. Injini ikiwa ya baridi, kinaziba njia ili ipate joto haraka. Ikifika nyuzi joto themanini na kitu, kinafunguka na maji yanakwenda kupozwa. Sasa gari limechemka kwenye foleni ya Mbagala. Linavutwa mpaka gereji, fundi anafungua, anakitoa kile kidude na kukuonyesha: "Bosi, hii ni ya nchi za baridi. Huku haina kazi." Anafunga bila hicho kidude, kisha anaunga feni dairekti, yaani inazunguka tangu unapowasha gari hadi unapolizima. Gari halichemki tena. Unamlipa, unaondoka umefurahi.

Kinachofuata hukioni. Maji yanapita kwenye rejeta muda wote, feni inapuliza muda wote, na ukishika barabara kuu injini haifikii joto lake. Sensa ya joto inaiarifu kompyuta kwamba injini bado ni ya baridi, nayo kompyuta inafanya ilivyofundishwa: inaongeza petroli. Alfajiri, mchana, Januari, Julai, gari linaendeshwa kama ndiyo kwanza limeamka. Feni nayo inakula umeme, na umeme huo unatengenezwa na injini hiyohiyo kwa mafuta hayohayo. Ugonjwa wenyewe haujatibiwa. Mara nyingi gari linachemka kwa sababu kwa miaka limetiwa maji ya kisima yenye chumvi badala ya kulanti, na rejeta imeziba kwa kutu na magamba. Dawa ni kuisafisha au kuibadilisha rejeta, kurudisha themostati, kurudisha waya wa feni mahali pake na kutia kulanti. Joto la Dar es Salaam halina hatia hapa, maana themostati huangalia joto la injini na si hali ya hewa.

Kesi ya pili ni taa ya injini, ile ya rangi ya chungwa kwenye dashibodi. Wengi wetu tumeizoea kama tunavyozoea kelele za jirani. Wapo waliouziwa gari ambalo balbu yake imeng'olewa ili isiwake kabisa. Taa hiyo huweza kuwa inasema kwamba sensa ya oksijeni, ile iliyofungwa kwenye bomba la moshi, imekufa. Sensa hiyo ikifa, kompyuta haijui tena kama petroli inayopulizwa inaungua yote, kwa hiyo inapuliza kwa kubahatisha, na mara nyingi inazidisha. Utaona masizi meusi mdomoni mwa ekzosi na kusikia harufu ya petroli. Idara ya Nishati ya Marekani inaeleza kwamba kutengeneza hitilafu kubwa ya aina hii kunaweza kuboresha matumizi ya mafuta kwa hadi asilimia 40. Hakuna ujanja wa udereva utakaokurudishia kiasi hicho.

Tatu ni oili. Injini hizi ndogo zilitengenezwa kwa oili nyepesi, kama 5W-30, lakini gereji nyingi humwaga nzito kwa hoja kwamba "injini imechoka". Injini isiyovuja wala kutoa moshi wa bluu haihitaji oili nzito. Oili nzito inaifanya ihangaike kuzunguka. Hasara yake ni ndogo, asilimia moja au mbili, lakini unailipa kila siku. Bandu bandu huisha gogo.

Gereji tumeisema vya kutosha, sasa tujiseme wenyewe. Anayekanyaga mafuta kwa nguvu taa ikiwa kijani, kisha anafunga breki mita mia mbili mbele kwenye mkia wa foleni, ananunua mwendo na kuutupa. Inua mguu mapema, gari lijisogeze. Trafiki akiwa ameshika njia yenu na huoni dalili ya kuachia, zima injini, maana injini ndogo ikinguruma imesimama inaweza kuchoma zaidi ya nusu lita kwa saa, na kiyoyozi kikiwa kimewashwa inachoma zaidi. Ila hakikisha kwanza betri ni nzima, usije ukawafungia wenzako njia.

Na ile tabia ya kutia "free" kwenye mteremko wa Kitonga tuiache leo. Ilikuwa na mantiki enzi za kabureta. Gari la mfumo wa kompyuta likiwa kwenye gia, na mguu wako ukiwa haujagusa mafuta, linakata petroli karibu yote linapoteremka. Ukitia free, injini inaanza tena kunywa ili isizimike, na wewe unabaki na breki peke yake kwenye mlima uliokwishaua watu. Anayezima injini kabisa anajitakia makubwa zaidi: breki zinakuwa ngumu na usukani unakuwa mzito.

Yapo pia ya kuyapuuza. Sumaku za kufunga kwenye bomba la mafuta, vidonge vya kutumbukiza kwenye tangi, vidude vya kuchomeka kwenye soketi ya sigara: Shirika la Mazingira la Marekani limechunguza zaidi ya vifaa 100 vya namna hiyo bila kupata cha kuleta nafuu ya maana. Pesa hiyo nunua plagi mpya.

Kwa nini basi nawaita wote, badala ya kumwachia kila mtu gari lake? Kwa sababu mtu mmoja hana cha kulinganisha. Mwenye IST inayokwenda kilomita nane kwa lita anaweza kukaa nayo hivyo miaka mitatu, akiamini ndiyo hali ya IST. Siku atakapojua kwamba za wenzake watano, kwenye foleni zilezile, zinakwenda kumi na mbili, atajua gari lake linaumwa. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ninapendekeza tufanye mambo manne.

La kwanza, tupime na kuambiana. Jaza tangi mpaka pampu ijikate, andika kilomita. Ukirudi kujaza tena, gawanya kilomita ulizotembea kwa lita zilizoingia. Anayeweka ya elfu kumi kumi naye asijitoe: aandike lita za mwezi mzima, aanze na kumaliza mshale wa mafuta ukiwa palepale. Kila kundi la WhatsApp la mtaa, ofisi au madereva wa taxi za mtandaoni liwe na orodha: aina ya gari, mwaka, kilomita kwa lita. Fanya hesabu kwa shilingi 3,000 kwa lita. Gari likitoka kilomita 10 hadi 12 kwa lita, anayetembea kilomita 1,000 kwa mwezi anaokoa karibu shilingi 50,000. Dereva wa taxi anayetembea kilomita 3,000 anaokoa 150,000.

La pili, tuwe na kauli moja gereji: hakitolewi kitu bila maandishi. Fundi akitoa themostati, sensa au masega ya ekzosi (yale ya kusafishia moshi), aandike kwenye risiti ametoa nini na kwa nini, na kilichotolewa akabidhiwe mwenye gari. Gereji itakayokubali tuipe wateja wa mtaa mzima. Mafundi wetu si maadui. Wengi wamejifunza kazi chini ya mwembe kwa magari ya kabureta, kisha magari yakabadilika bila mtu kuwaita darasani. Tuviombe vyuo vya VETA, kuanzia kile cha Chang'ombe, viwawekee kozi fupi za jioni za mifumo ya kompyuta, na sisi wateja tuwachangie ada mafundi tunaowaamini.

La tatu, watu kumi wachange wanunue kifaa kimoja cha kusomea kompyuta ya gari. Vile vya bei chee havielewani na baadhi ya magari ya Kijapani ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, ndiyo maana kuchangia kimoja kizuri ni nafuu kuliko kila mtu kununua chake kibovu. Kikae kwa mtu mmoja mwaminifu. Gari lisomwe kwanza ndipo mtu aende Kariakoo kutafuta spea, si kununua sensa tatu kwa kubahatisha.

La nne, upepo. Vituo vingi vya mafuta vina pampu ya upepo ambayo geji yake imekufa, na kijana anajaza kwa kupiga tairi teke. Tuwadai wenye vituo geji nzima, na tuwaombe Wakala wa Vipimo waipe macho yaleyale wanayoipa pampu ya mafuta. Kiwango cha gari lako kimeandikwa kwenye kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Maneno ni ya Kijapani lakini tarakimu zinasomeka: 220 kPa, au 2.2, ni kama 32 kwenye geji zetu. Na baada ya safari, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa ya moto kuliko nyingine, breki yake inashika, na gari linaburuta mguu huo kutwa nzima.

EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Siku hiyo nchi nzima huzungumza mafuta, kwa hiyo na sisi tuifanye siku ya kazi. Asubuhi, tairi zikiwa hazijapata moto, pima upepo, tazama kulanti, andika kilomita na lita za mwezi uliopita, zitume kwenye kundi. Mwenye taa ya injini aseme, mwenye kifaa amsomee jioni hiyohiyo. Wanaokwenda njia moja wapange kupeana lifti, kwa sababu gari la watu wanne linagawa bili kwa wanne. Wazazi wanaosubiri watoto kwenye mageti ya shule wazime injini, na atakayemwona mwenzake ananguruma amgongee kioo kwa adabu.

Jambo hili halihitaji mwenyekiti wala barua ya serikali ya mtaa. Fungua kundi lako leo, andika jina la gari na mwaka wake, waombe watatu wa kwanza waandike ya kwao. Jumatano ya kwanza ijayo mtakuwa na namba za kulinganisha, na fundi atakapokuja na hoja yake ya nchi za baridi, mtamjibu mkiwa kumi.