Soketi inayotii sauti: swichi iko mikononi mwa nani?

Julai 2025 kampuni ya Belkin ya Marekani ilitangaza kwamba ifikapo tarehe 31 Januari 2026 itaacha kuhudumia vifaa vyake vingi vya Wemo, zikiwemo soketi zinazowashwa kwa simu au kwa sauti. Wateja waliambiwa kitufe cha kubonyeza kwa kidole kitaendelea kufanya kazi, lakini amri za sauti zitakoma. Soketi ni nzima, umeme upo, ila haiitikii tena.

Soketi za aina hii sasa zinauzwa hata kwetu, na wengine huletewa na ndugu walio nje. Ndiyo maana tunaona ni vyema kuzielewa mapema.

Zinafanyaje kazi?

Soketi janja huchomekwa ukutani, kisha taa au redio huchomekwa juu yake. Ndani mna swichi ndogo inayopokea amri kwa Wi-Fi. Unapomwambia msaidizi wa sauti, kama Alexa, azime taa, kwa kawaida sauti yako husafiri kwa intaneti hadi kwenye kompyuta za kampuni, hugeuzwa kuwa amri, kisha amri hurudi nyumbani kwako. Taa iko hatua tatu kutoka ulipo, lakini amri imevuka bahari.

Tarehe 20 Oktoba 2025 kompyuta za Amazon zilizoko Virginia, Marekani, zilipata hitilafu. Watumiaji wengi wa Alexa waliita bila kuitikiwa, ingawa umeme na intaneti vilikuwepo majumbani mwao.

Tumeshayaona kwenye sola

Wanaotumia sola ya mkopo wanalijua hili. Malipo yakichelewa, taa hugoma hata kama jua liliwaka kutwa nzima, kwa kuwa kampuni inaweza kuufunga mtambo ikiwa mbali. Lakini huo ni mkopo, na masharti uliyajua. Soketi janja umeilipia yote, na bado inamtegemea mwenye kompyuta.

Hatusemi hazifai. Kwa mgonjwa asiyeweza kuinuka kitandani, kuwasha taa kwa sauti ni msaada mkubwa.

Kabla ya kutoa pesa, uliza:

- Intaneti ikikatika, kitufe kitafanya kazi? Kama intaneti ya nyumbani ni ya simu yako, ukienda nayo shambani soketi inabaki bila mawasiliano.
- Ni ya volti ngapi? Umeme wa majumbani Marekani ni volti 120, Tanzania 230, Kenya 240. Iliyotengenezwa kwa volti 120 pekee usiichomeke hapa, inaweza kuungua.
- Inabeba ampea ngapi? Pasi na jiko huvuta umeme mwingi kuliko taa.
- Inaelewa lugha gani? Mama asiyejua Kiingereza atamwambiaje Alexa azime taa?

Muuzaji akikosa jibu la swali la kwanza, swichi ya ukutani bado inatosha.